Vumbi Lile Lilikuwa la Nani?

Bapapa, bamama, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa juu ya ukuta wa mawe kule nyuma mkidhani sijawaona: jambo wote. Watoto wenu wananiita Madamu wa tano, maana nafundisha darasa la tano, na leo pia niiteni hivyo. Nimepewa dakika ishirini. Papa Direkta ameshika kengele, na mnamjua.

Wiki tatu zilizopita mzazi mmoja alifika darasani saa ya kutoka. Alibeba kitu amekizungushia gazeti, kamba juu yake, kama mtu anayemrudishia muuzaji nyama iliyoharibika. Akakiweka mezani pangu. "Madamu, nakurudishia. Mtoto halali. Anaamka usiku anauliza ufunguo wa stoo uko kwa nani. Hiki ni kitabu cha uchawi."

Mzazi huyo yuko hapa. Nimemwomba ruhusa ya kusimulia, akakubali mradi nisimtaje jina. Nilimjibu, "Papa, hiki kitabu ni changu." Akarudi nyuma hatua moja.

Ni changu kweli. Mimi ndiye niliyekitia kwenye sanduku la vitabu la darasa, na sikukitia kwa kupitiwa. Kitabu hiki kimeingia maishani mwangu mara mbili, na katikati yake ulipita mlima.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka saba au nane. Tulikaa upande wa Birere, nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe, kama nyumba nyingi za Goma hii. Padri mmoja alikuwa anarudi kwao Ubelgiji akigawa vitu vyake. Wengine walipata viti, mmoja alipata redio, Papa, baba yangu, akaja na kitabu. Tulimcheka. Kilikuwa kikubwa, kizito, jalada la mbele hakuna, na kilinuka moshi. Ndani mlikuwa na hadithi za Charles Perrault, Mfaransa aliyezichapisha Paris mwaka 1697, na michoro ya Gustave Doré, aliyeichora kwa toleo la mwaka 1862. Hayo ya miaka nimeyajua ukubwani. Wakati ule nilichojua ni kwamba mle ndani kuna mbwa mwitu amelala kitandani amevaa kofia ya bibi kizee, na msichana yuko naye ndani ya shuka moja, anamtazama.

Kila jioni Papa alikaa karibu na taa ya petroli. Alisoma sentensi moja kwa Kifaransa, kisha anatupa kwa Kiswahili. Mama Mkubwa, dada yake Mama, alikaa na sisi miaka ile. Kifaransa hakujua hata salamu, lakini alikuwa anamsahihisha Papa. "Hapo umeruka kitu," anasema. Papa anarudia, na kweli ameruka.

Hadithi tuliyoipenda kupita zote, na kuiogopa kupita zote, ni ile ya Barbe-Bleue, tajiri mwenye ndevu za buluu. Nyumbani kwetu aliitwa Mzee Ndevu. Ana nyumba mjini, ana nyumba shambani, ana vyombo vya dhahabu, lakini ndevu zake zinawakimbiza wasichana. Tena ameshaoa mara kadhaa, na hakuna anayejua wake wale walikwenda wapi. Binti wa jirani anakubali kuolewa. Baada ya mwezi, mume anasema ana safari ya wiki sita. Anamwachia mke funguo zote, za stoo, za masanduku ya fedha, za vito, na ufunguo mmoja mdogo wa chumba kilicho mwisho wa ukumbi mrefu wa chini. Fungua vyote, anamwambia, ila hicho usikiguse. Mnajua alikifungua. Mle ndani damu imeganda sakafuni, na wale wake wa zamani wako ukutani. Ufunguo unamwanguka mkononi, unapata doa, na doa halitoki. Anafuta, anasugua kwa mchanga. Upande huu likiondoka, linatokea upande wa pili.

Mume anarudi jioni ile ile. Kesho yake anauona ufunguo. Anamwambia mke, jitayarishe kufa, nakupa nusu ya robo saa ya kusali. Mke anamtuma dada yake juu ya mnara kuangalia barabara, maana kaka zao waliahidi kuja. Na hapo ndipo sisi watoto tulipokuwa tunasema pamoja na Papa, kwa sauti ya chini: "Anne, dada yangu Anne, huoni kitu kinakuja?" Yule wa juu anajibu: "Sioni kitu, ila jua linapiga vumbi na majani yanameta kijani." Mara ya pili, sioni kitu. Mume anapiga kelele kutoka chini, shuka au nipande mwenyewe! Mara ya tatu, dada anasema: "Naona vumbi kubwa linakuja upande huu."

Papa anageuza ukurasa. Ukurasa wa pili ni paka amevaa buti.

Karatasi ilikuwa imechanika. Limebaki ncha moja tu karibu na uzi, kama jino. Usiku wa kwanza tulilia. Papa alitafuta karatasi ile chini ya meza, wakati labda ilipotea kabla hata mimi sijazaliwa. Mama Mkubwa alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, hakuinua macho.

"Vumbi lile ni la wamama," akasema.

"Wamama gani?"

"Wamama wa wale mabinti wa chumbani. Wewe unafikiri mtu atazaa mtoto, amwozeshe, mtoto apotee, halafu yeye akae nyumbani anamenya viazi?"

Basi wakaja. Walikuwa saba. Walitoka Masisi, Rutshuru, Minova, na kila usiku Mama Mkubwa aliongeza kijiji kingine, hata mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Wamekuja kwa miguu, kila mmoja na kikapu mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, na mchi ndani ya kikapu. Wamefika mlangoni, hawakuvunja kitu. Walipiga hodi. "Mkwe wetu, tumekuja kusalimia watoto." Mzee Ndevu akabaki na kisu mkononi, maana mama mkwe hafukuzwi mlangoni, hata na muuaji. Akasema karibuni.

"Wakaingia," Mama Mkubwa anasema. "Wakafunga mlango. Sasa mlale."

Walifanya nini mle ndani hakutuambia hata siku moja, na tulimwomba miaka miwili.

Niliogopa, ndiyo. Nililala nimefunika kichwa. Kwenda chooni usiku nilimwamsha dada yangu, naye anamwamsha mwingine, tunatoka watatu kama msafara. Lakini jioni ikifika ni mimi niliyekuwa wa kwanza kuleta kitabu. Mwenye mtoto anayefanya hivyo ataelewa: woga ule mtoto anauendea mwenyewe kwa miguu yake.

Kisha ikaja tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi. Wengi mliomo humu mlikuwepo, sina haja ya kuwachorea. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipasuka ubavuni, moto ukashuka mjini, ukapita kwenye uwanja wa ndege, ukapita kwetu, ukafika ziwani. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba. Mama alitutoa nje mmoja mmoja akitutaja majina. Halafu akafanya kitu ambacho hadi leo hajui kwa nini alikifanya. Alifunga mlango kwa ufunguo, akajaribu kitasa mara mbili kuhakikisha, akafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge. Tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, pamoja na umati.

Tuliporudi baada ya siku chache mawe yalikuwa bado ya moto, kandambili zinalainika miguuni. Papa alisimama mahali akasema, "Ni hapa." Mama akasema hapana, ni pale. Hawakukubaliana mpaka leo. Ufunguo Mama anao. Uko ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vifungo na sindano, na hakuna mtu nyumbani anayeuliza wa nini.

Kitabu kilibaki ndani. Mwenye kupoteza nyumba halilii kitabu, hata mimi nilikisahau. Au nilidhani nimekisahau.

Sasa mara ya pili. Mwaka jana nilikuwa napita katikati ya mji, kijana mmoja ametandaza vitabu vilivyotumika juu ya turubai: hesabu, Biblia, kamusi isiyo na herufi A. Nikaona pembe ya picha chini ya kitabu cha fizikia. Jicho la mtu, limetoka. Nililijua kabla sijajua nimelijua wapi. Ni Mzee Ndevu anampa mke wake ufunguo, amenyanyua kidole kimoja, macho yamemtoka, na mke hamtazami yeye, anatazama ufunguo. Nilichuchumaa pale barabarani, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zinapita na magunia ya makala ya kupikia nyuma yangu. Kijana akasema dola tano. Nikafanya kama naondoka, akaniita, tukamaliza kwa faranga elfu nane. Angejua angenitoza dola hamsini.

Usiku ule nilikisoma mpaka alfajiri, na mambo matatu yalinishangaza. Nayasema kwa sababu nadhani ndiyo yatakayoamua kama kitabu kirudi kwenye sanduku au kisirudi.

La kwanza ni picha ya chumba. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa na picha ile kichwani: mstari wa wanawake ukutani, nguo zao, mwanga mdogo wa dirishani. Ningeweza kuwachorea hapa ubaoni. Nimefungua kitabu ukurasa kwa ukurasa, na picha haimo! Kuna ya ufunguo, kuna ya mnara, ya chumba hakuna. Hata maneno yake ni sentensi chache tu: madirisha yamefungwa, damu sakafuni, miili ukutani. Idadi haitajwi, wale saba ni wa Mama Mkubwa. Na mwanga wa dirishani ulikuwa wa kwetu Birere. Picha yote ile niliichora mwenyewe usiku, chini ya blanketi.

La pili ni vumbi. Karatasi iliyokosekana mwaka ule, katika nakala hii ipo. Mkono ulinitetemeka, nawaambia ukweli. Nikageuza. "Ni kaka zangu?" "Ole, hapana, dada yangu, ni kundi la kondoo."

Kondoo!

Nilipokuwa mtoto kilichonitisha ni chumba. Sasa nina watoto wawili, nimeshasubiri barua, nimeshasubiri mshahara, nimeshasubiri mtu aliyetoka asubuhi na saa mbili usiku hajarudi. Chumba hakinitishi tena. Kinachonitisha ni kondoo wale. Umepewa nusu ya robo saa ya kuishi, yaani dakika saba na kitu, unaona vumbi barabarani, na vumbi ni la kondoo. Bwana Perrault alikuwa na karibu miaka 70 alipotoa kitabu hiki, na sidhani mstari ule aliuandikia watoto.

Kaka wanafika mwishoni, wapanda farasi wawili, wanamchoma Mzee Ndevu kwa panga kabla hajafika kwenye ngazi. Kisha kinachofuata, samahani, ni hesabu ya urithi: mjane anamwozesha dada yake, anawanunulia kaka zake vyeo vya ukapteni, na yeye mwenyewe anaolewa na mtu mwema. Wamama wa wale wengine hawatajwi popote. Hakuna aliyekuja kuwasalimia.

La tatu ni mafunzo. Mwandishi ameweka mashairi mawili mwishoni. La kwanza linasema udadisi unaleta majuto. Yaani kosa ni la mke, kwa nini alifungua? La pili linasema hadithi hii ni ya zamani, waume wakali namna hii hawapo tena. Aliandika hivyo mwaka 1697. Naona bamama mnacheka.

Hili la udadisi ndilo lililonikalia moyoni, kwa sababu wazazi wengi mnalisema vile vile: Madamu, wafundishe watoto kutii. Sawa. Lakini tutazame. Mtu asiyetaka chumba kifunguliwe anaondoka na ufunguo wake. Huyu anauacha, anauonyesha, anasema anakwenda wiki sita, halafu jioni hiyo hiyo yuko mlangoni. Ule ulikuwa mtego. Na kama mke angetii? Angekaa na mtu yule mpaka siku atakapomchoka. Kufungua mlango ndiko kulikomjulisha amelala nyumba gani.

Mtasema nawafundisha watoto kuvunja amri. Hapana, maana mimi nilikatazwa na Mama Mkubwa pia. Upande wa Mugunga kulikuwa na shimo, bonde dogo tu, majani yake mazuri. Alituambia tusishuke mle, hasa asubuhi na mapema. Mazuku. Mnajua wengi wenu: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nchi yetu hii ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala mashimoni, hasa pasipo upepo. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anashuka kula, hapandi. Mimi nikauliza kwa nini. Hakunipiga. Alfajiri moja alinishika mkono mpaka ukingoni, akawasha shada la majani makavu, akalishusha taratibu kwa kamba. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Ukafika mahali, hata upepo haukuvuma, ukazimika kama umetiwa ndani ya maji. Chini yake alikuwa amelala ndege mmoja, mabawa wazi. "Umeona?" akasema. Tukarudi kunywa chai.

Kwa hiyo kuna katazo linalokulinda wewe, na kuna katazo linalomlinda anayekataza. Yote mawili yanaonekana sawasawa mlangoni. La kwanza ukiuliza kwa nini, mtu anakuchukua mkono na kukuonyesha. La pili ukiuliza, anatoa kisu. Sijui mahali pengine ambapo mtoto wa miaka kumi atajifunza kutofautisha haya mawili huku amekaa salama kwenye benchi na kalamu mkononi.

Na huu mji, bapapa, hausubiri kitabu ndipo umtishe mtoto. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, mlima ulitoka tena, na watoto wa darasa langu wanakumbuka anga jekundu. Milio mingine wameisikia pia, sina haja ya kuitaja mbele yao. Woga wa namna hiyo haufungwi wala hauna ukurasa wa mwisho. Woga wa kitabu unaufunga ukichoka, unauweka chini ya kitanda, na kesho unaamua mwenyewe kama unaufungua. Kuna watu wanaotaka tuwape watoto hadithi zilizokatwa meno tu. Mnamjua yule mwindaji anayemtoa msichana tumboni mwa mbwa mwitu? Ametoka kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812. Kwa Perrault hayupo. Mbwa mwitu anakula, hadithi imekwisha. Nilipowasomea hivyo watoto, walinyamaza, halafu mmoja akasema, "Madamu, kwa nini alimwonyesha njia?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, kwani kweli msichana alimwambia mbwa mwitu nyumba ya bibi iko wapi.

Sasa turudi kwa mzazi wetu na gazeti lake. Nilimuuliza, "Mtoto alipouliza ufunguo wa stoo, ulimjibu nini?" Akasema, "Nilimwambia alale." Nikamwambia, Papa, usiku wa leo chukua tochi, mfungulie. Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Lakini aliporudi kwake akafanya. Walikuta gunia la makala, gurudumu la chukudu lililovunjika, na buti moja ya babu. Mtoto akalala? Usiku ule hapana. Alitaka kurudi kuona buti ya pili iko wapi. Siku mbili baadaye baba akanipigia simu kuuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hana haja kubwa ya kujua, vumbi lile lilikuwa la nani.

Mama Mkubwa yuko hai, anakaa Keshero, macho yamepungua. Nilimpelekea kitabu Jumapili moja, nikamsomea Barbe-Bleue yote, sentensi ya Kifaransa, sentensi ya Kiswahili, kama Papa. Nilipofika kwenye kondoo alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwa kaka wawili na farasi wao, akanyamaza.

"Hao walikuwa wapi siku zote?"

Nikasema kitabu hakisemi.

"Basi sio wao," akasema. Akanyoosha mkono, akapapasa ukurasa ule wa vumbi kwa kidole gumba, taratibu, mpaka akapata pembe yake. Nilidhani anataka kuhisi karatasi. Alikuwa anataka kuichana. Nilikiwahi kitabu, naye akacheka tena, lakini utani haukuwa wote utani.

Naona kengele imeinuliwa. Kitabu nimekirudisha kwenye sanduku la darasa la tano, karatasi zote zimo. Mzazi asiyetaka mtoto wake akisome aje aniambie, nitaandika, na sitamuuliza sababu mara mbili. Anayetaka, daftari la kuazima liko kwa Madamu wa tatu, siku saba, na tafadhali mafuta ya mandazi yasifike kwenye michoro. Sanduku mtaliona lina kufuli. Msihangaike kutafuta ufunguo wake, halijafunga tangu Pasaka.